Kuongoza matembezi ya mtaa Kisumu: kutoka mnara wa saa hadi cherehani ya barazani

Wengi wanaoanzisha matembezi ya kuongozwa mjini hupanga njia kwa kufuata majengo. Huchukua ramani, hutia alama mnara wa saa, msikiti na soko, halafu hujaza nafasi zilizobaki kwa maduka. Siku ikifika, majengo yako palepale. Fundi cherehani naye ana wazazi watatu wanaodai sare za shule, na wageni 12 wameziba mlango wake. Atawavumilia mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili utaambiwa ametoka kidogo.

Kwa hiyo panga kinyume chake. Saa za wenye maduka ndizo ziamue njia, na majengo yajaze nafasi, kwa sababu jengo halina saa ya kufungwa na halipotezi mteja ukilikodolea macho. Mwongozo huu unatumia katikati ya mji wa Kisumu, ila Nakuru au Kakamega ungefuata utaratibu huohuo.

Siku na saa

Jumamosi asubuhi ndiyo siku wageni wengi wana nafasi, lakini Kisumu ina Wasabato wengi, na duka la Msabato halifunguliwi Jumamosi. Usikisie kwa jina wala kwa sura. Uliza kila duka. Jumapili ni nzuri kwa kutazama majengo kwa kuwa magari ni machache, lakini maduka mengi ya katikati ya mji yamefungwa. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, usiweke kituo chochote karibu na msikiti, na ujue kwamba wenye maduka Waislamu watakuwa wameenda kuswali.

Angalia pia tarehe. Mwisho wa mwezi watu wamelipwa na maduka yamejaa, kwa hiyo mwenye duka hana haja nawe. Kati ya tarehe 10 na 20 biashara hupoa, naye ana muda wa kueleza kazi yake. Wiki ya kufungua shule iepuke kabisa kama una fundi wa nguo, duka la vitabu au la viatu kwenye orodha.

Jua la Kisumu halina mzaha. Mji uko karibu kabisa na ikweta, na kufikia saa tano vivuli vya majengo vimeshafupika. Mvua nayo hupenda kuja alasiri. Anza saa mbili asubuhi, maliza kabla ya saa tano. Hapo kuna mgongano: maduka mengi hufunguliwa kati ya saa mbili na saa tatu. Utatuzi ni kutumia saa ya kwanza kwa majengo, kwa nje tu, kisha kuingia madukani kuanzia saa tatu.

Usiingie dukani kabla mwenyewe hajauza. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku, na mtu akiuliza bei zote kisha akatoka mikono mitupu, siku imeharibika. Uamini usiamini, heshimu. Kiongozi atangulie kununua kitu kidogo, hata uzi wa shilingi 20, ndipo wageni waingie.

Njia isizidi kilomita 2

Kundi la watu 12 linalosimama kutazama haliendi kasi ya mtu anayekwenda kazini. Kati ya kituo na kituo hesabu kilomita 2 hadi 2.5 kwa saa, ukijumlisha kuvuka barabara na kumsubiri anayepiga picha. Kilomita 2 zinakula karibu saa nzima ya kutembea, na vituo vinane hula saa moja na nusu hadi mbili. Ukiongeza kituo cha tisa hakuna atakayekusikiliza. Watu wanatafuta kiti.

Mfano wa ratiba inayowezekana:

Saa 2:00 – kukutana kwenye mnara wa saa, kuandikisha majina, kueleza sheria.
Saa 2:15 – mnara wenyewe.
Saa 2:30 – majengo ya zamani ya barabara ya Oginga Odinga, vituo viwili au vitatu.
Saa 3:00 – Msikiti wa Jamia, kwa nje.
Saa 3:15 – fundi cherehani wa barazani.
Saa 3:35 – duka la vitambaa.
Saa 3:55 – soko la Jubilee.
Saa 4:30 – chai na mandazi, kuagana saa 4:50.

Tembea njia hii mara tatu kabla ya kuuza tiketi: mara moja peke yako ukiwa na saa mkononi, mara moja na rafiki asiyeujua mji, na mara moja siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoongoza. Mara ya tatu ndiyo inayofichua mambo: gari la mizigo linaloshusha bidhaa pale ulipotaka watu wasimame, spika ya duka inayoanza saa tatu kamili, baraza iliyogeuzwa maegesho ya pikipiki.

Usijaribu kubana soko la Kibuye kwenye njia hii. Kibuye liko nje ya katikati ya mji, kuelekea Kondele, na siku yake kubwa ni Jumapili. Lifanyie matembezi yake, uwapeleke watu kwa tuktuk. Bandari na kituo cha reli navyo vinatosha kuwa matembezi ya pili, ila omba ruhusa mapema kwa Mamlaka ya Bandari na kwa Shirika la Reli. Kupiga picha bandarini bila kibali kutakufikisha kwa askari, hata kama ulilenga ndege tu.

Kusoma jengo mbele ya watu

Sehemu ya chini ya jengo la biashara hubadilika kila mpangaji anapobadilika: rangi ya kampuni ya simu, vioo vipya, bango. Umri wake uko juu. Wafundishe wageni kuinua macho wakiwa ng'ambo ya barabara, watafute vitu vinne. Cha kwanza ni mwaka au jina la ukoo lililochongwa kwenye ukuta wa juu unaoficha paa. Wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walipenda sana kufanya hivyo katika miji ya reli. Cha pili ni paa: mabati ya migongo, au vigae vyekundu vya udongo. Cha tatu ni baraza yenye nguzo, iliyomkinga mteja na jua na mvua, na ambayo mpaka leo ndiyo karakana ya mafundi cherehani. Cha nne ni matundu ya hewa chini ya dari, kwa sababu jengo lilijengwa kabla ya feni.

Mnara wa saa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kuwa maandishi yake yanajieleza. Ulizinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, na waliougharimia ni wanawe. Mpe mgeni mmoja asome bamba kwa sauti, usisome wewe. Hapo ndipo pa kueleza kwa nini wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa hapa: reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, baada ya kilomita 930 na ushei, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence, jina ambalo husimuliwa kuwa ni la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji reli. Wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa la Uganda. Lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Mizigo ilishuka kwenye mabehewa ikapanda meli, na meli zenyewe zilikuja vipande vipande zikaunganishwa hapa Kisumu. Kisha, mwaka 1931, reli ikafika Kampala kwa kupitia Nakuru na Eldoret, na mizigo ya Uganda haikulazimika tena kupita ziwani. Mgeni akishajua miaka hiyo miwili, 1901 na 1931, ataanza kukisia mwenyewe umri wa kila jengo, na mtaa unakuwa mchezo.

Msikiti wa Jamia, ulio kwenye barabara ya Otiena Oyoo, ulijengwa mwaka 1919. Kutazama nje hakuhitaji ruhusa, ila salimia. Kuingia ndani ni mpango wa kando: ongea na wasimamizi siku kadhaa kabla, wageni wavue viatu, wavae nguo za kusitiri, wanawake wawe na mtandio. Ukiamua kuingia, ongeza dakika 20 na uondoe kituo kingine.

Jambo moja kuhusu historia: tenganisha kilichoandikwa na kinachosimuliwa, na useme wazi ni kipi. Jina la Kisumu lenyewe lina masimulizi zaidi ya moja. Linalosikika zaidi linalihusisha na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, na Waluhya nao wana neno linalokaribiana nalo sana. Ukimchagulia mgeni jibu moja, kuna mzee atakayekusahihisha hadharani, tena kwa raha zake.

Kuzungumza na mwenye duka

Nenda ana kwa ana, wiki mbili kabla, saa ambayo duka limetulia. Simu haitoshi. Mtu wa makamo mwite mzee au mama. Mjaluo mwenye umri, ukimwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, mazungumzo hufunguka upesi zaidi. Fundi mwite fundi. Usianze na habari za utalii, anza na kazi yake. Kisha sema kwa ukamilifu:

"Mama, Jumamosi ya tarehe 14, saa tatu na robo, nitaleta watu 12. Wataingia wanne wanne, dakika tano tano, wale wengine watabaki nje na mwenzangu. Ningependa uwaonyeshe unavyopima na kukata. Mteja akija, mhudumie kwanza, sisi tutasubiri. Nitakulipa shilingi 300, na kila mgeni ana kuponi ya shilingi 100 ya kununua chochote kwako au kwa wenzako. Saa hiyo wateja wako huwa wengi?"

Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalopanga ratiba yako. Ongeza mengine matatu: anakubali picha za nini (mikono, bidhaa, uso)? Ni nani atasimama badala yake akipata msiba au ugonjwa? Ni jambo gani hapendi kuulizwa? Wengi watakujibu kodi ya nyumba na faida. Waambie wageni mapema.

Chagua kazi inayoonekana ikifanyika. Duka la simu lina rafu tu. Fundi wa simu ana bisibisi na hadithi. Fundi viatu, mwenye kinu cha unga, mchonga mihuri, msuka vikapu vya magugumaji, muuza vitenge anayejua kupima kwa macho: hawa wanatosheleza dakika tano bila hotuba. Kwa kituo cha soko, zungumza na mama mmoja wa samaki na mmoja wa nafaka. Mama wa samaki awaonyeshe tofauti ya omena (dagaa wa ziwani) iliyokaushwa vizuri, inayong'aa fedha na kuvunjika kwa mlio, na ile iliyonyeshewa, nyeusinyeusi na yenye mchanga. Awaonyeshe pia inavyopimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, maana nusu ya wageni kutoka nje hawajui gorogoro ni kitu gani.

Hesabu

Tuseme tiketi ni shilingi 600. Malipo yasiyobadilika: wenye biashara watano kwa 300 ni 1,500, kiongozi 2,000, mfunga msafara (mwenzako anayetembea nyuma ya kundi) 1,000. Jumla 4,500. Kila mgeni ana kuponi ya 100. Basi kila tiketi inakuachia 500, na unahitaji wageni 9 ili usile hasara. Wakija 12, unabaki na 1,500, ambazo ndizo za kibali, sanduku la huduma ya kwanza na chai ya kiongozi. Wakija 8 unaingia mfukoni kutoa 500. Ndiyo maana tiketi hulipwa kabla, kwa till (namba ya malipo ya simu), si kwa ahadi ya "nitakuja". Mwisho wa kulipa uwe Alhamisi saa kumi na mbili jioni, ili Ijumaa uweze kuwapigia wenye maduka ukiwa na idadi kamili.

Usiwaombe wenye maduka asilimia ya mauzo. Inaleta hesabu ndefu na kinyongo, na wageni watawekewa bei ya juu ili kufidia. Kuponi ni rahisi zaidi: karatasi yenye mhuri na namba, mwenye duka anaipokea kama pesa, mchana unamlipa. Andika tarehe kila kuponi, la sivyo zitarudi baada ya miezi mitatu.

Vibali

Anayeongoza watalii kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na biashara yenyewe inahitaji kibali cha kaunti. Beba nakala zote mbili. Kundi la watu 12 wanaosikiliza mtu si mkutano wa hadhara, lakini kanjo (askari wa kaunti) au polisi hawajui hilo wakikuona kwa mbali, hasa kipindi cha siasa. Mjulishe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa kituo cha karibu kwa barua ya aya moja yenye njia na saa. Siku ya maandamano ahirisha, usibishane na hali.

Orodha yako ya majina na namba za simu inaguswa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Usiigeuze kundi la WhatsApp bila kuuliza, na usitumie picha ya mgeni au ya fundi kwenye tangazo bila idhini yake.

Siku yenyewe

Mnahitajika wawili: kiongozi mbele na mfunga msafara nyuma. Mfunga msafara ndiye mwenye kazi ngumu. Anahesabu watu kila kituo, anabeba maji na sarafu za choo, na kwenye barabara yeye ndiye wa mwisho kuvuka. Vukeni kwa pamoja kama kundi, si kwa mstari mrefu, na mtazame pande zote mbili hata barabara ikiwa ya upande mmoja, kwa kuwa bodaboda hazisomi mishale.

Mnaposimama, wageni wawe kivulini na wewe uwe juani, mgongo wako kwa jengo. Acheni mita 3 wazi mbele ya kila mlango wa duka. Ondokeni kwenye makutano ya barabara mita 10 au 15, hapo sauti ya kawaida inatosha. Megafoni iache nyumbani: inakusanya umati, na umati unamfukuza mteja wa yule uliyemwahidi faida. Spika ndogo ya kiunoni ni sawa, kwa sauti ya chini.

Kwenye kituo cha ndani, gawanya watu zamu tatu za wanne. Wanne wako ndani, wanane wako nje wakitazama jengo na mfunga msafara. Dakika tano, badilisheni. Jumla dakika 15, na duka halikuziba hata mara moja.

Choo kiwe mwanzoni na karibu na dakika ya 90. Watu hawasemi, wanaacha kusikiliza tu.

Yanayoharibika mara kwa mara

Duka limefungwa. Vibanda huhamishwa au kuondolewa, na Kisumu imeliona hilo si mara moja. Pita njia yote siku mbili kabla, na kila kituo kiwe na mbadala ndani ya mita 100.

Mgeni mmoja ananunua kwa dakika 20. Tangaza mapema kwamba vituoni ni kuona na kuchagua, na mwisho kuna nusu saa huru ya kurudi kununua. Wenye maduka hupenda hivyo, kwani anayerudi peke yake hununua zaidi.

Mgeni anabishana bei kwa mchezo. Kwa mama wa soko zile shilingi 10 si mchezo. Mwambie wazi kabla hamjaingia.

Mtandao wa pesa umelala. Kiongozi awe na shilingi 2,000 za noti ndogo.

Mvua. Baraza za zamani zitakusitirini, lakini mafundi nao watakuwa wamesogeza cherehani ndani. Badili mpangilio: nendeni sokoni kwanza. Sakafu upande wa samaki huteleza hata siku kavu, kwa hiyo sharti la viatu vilivyofunikwa liandikwe kwenye tiketi.

Mgeni anapiga picha watoto wa mtaani au kuwagawia sarafu katikati ya njia. Kundi litafuatwa hadi mwisho. Mzuie kwa upole, mwambie mtazungumza mkifika kwenye chai.

Baada ya chai, kiongozi arudi njia ileile peke yake akusanye kuponi na kulipa papo hapo. Ikifika saa saba mchana uwe umemaliza, maana Jumamosi wapo wanaofunga mapema, na fundi aliyebaki na kuponi nne mkononi hadi Jumatatu hatakuwa na dakika tano za kukupa Jumamosi inayofuata.